Posho ya kila mwezi, akiba ya kuzaliwa au fidia: sera ipi inaziba pengo lipi?

Chukua familia zote za Wazungu wa Marekani, zipange mstari mmoja kuanzia iliyo fukara hadi iliyo tajiri kupindukia, kisha simama katikati kabisa. Familia utakayoikuta hapo, kwa hesabu za benki kuu ya nchi hiyo za mwaka 2022, ina mali ya takriban dola 285,000. Fanya hivyo hivyo kwa familia za Weusi: ya katikati ina dola 44,900. Kwa Walatino ni kama dola 61,600. Mali hapa ni nyumba, akiba, hisa, gari na biashara, ukishatoa madeni yote.

Pengo la mishahara lipo pia, ila halikaribii mara sita. Na hapa ndipo mijadala mingi ya usawa hupotea njia: mtu analalamikia pengo la mali, halafu anapendekeza dawa ya kipato, au kinyume chake. Kipato ndicho kinacholipa pango na chakula cha mwezi huu. Mali ndiyo inayomwezesha mtu kukataa kazi ya kunyanyaswa, kumsomesha mtoto bila mkopo, kumuuguza mzazi bila kuuza godoro. Mtu anaweza kuwa na mshahara mzuri na bado akawa hana kitu cha kurithisha.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua: diwani, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kikundi cha majirani kinachoandaa madai ya kupeleka kwenye bunge la jimbo, na hata mpiga kura ambaye kila mgombea anamwahidi "usawa" bila kumwambia ni usawa wa nini. Sera ninazozilinganisha zimejaribiwa kweli, nyingi Marekani, moja Brazil. Msimamo wangu sitauficha.

Shimo lilivyochimbwa

Mwaka 1862 Marekani ilipitisha sheria ya kugawa mashamba ya ekari 160 kwa waliokuwa tayari kuyalima. Baada ya muda, ekari zipatazo milioni 270 ziligawiwa, na sehemu kubwa ilikwenda kwa Wazungu. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa Amri Namba 15 iliyowatengea waliotoka utumwani viwanja visivyozidi ekari 40 kando ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida. Watu kama 40,000 wakaanza kukaa na kulima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akaamuru ardhi irudishwe kwa wenyewe wa zamani, yaani wale wale waliokuwa na watumwa.

Miaka ya 1930 serikali ikaanza kudhamini mikopo ya nyumba. Vitongoji vya Weusi vilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani, maana yake hapa usikopeshe. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani kusoma na kununua nyumba. Sheria hiyo haikuwa na neno hata moja la ubaguzi. Lakini utekelezaji uliachiwa benki na ofisi za kila mahali. Matokeo? Mwaka 1947, katika jimbo la Mississippi, mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilidhaminiwa kwa ajili ya askari hao. Iliyokwenda kwa Weusi ni miwili.

Miwili kati ya 3,229. Mtu akikuambia kwamba sera isiyotaja rangi kamwe haiwezi kubagua, mkumbushe hesabu hiyo. Ndiyo inayonifanya, katika kila sera iliyopo hapa chini, niulize kwanza nani amekaa dirishani na ana ruhusa ya kumfukuza nani.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| Sera | Pengo inaloligusa | Matunda huonekana lini | Inapovunjikia |
|---|---|---|---|
| Posho ya fedha taslimu | Kipato | Ndani ya miezi | Bunge likikataa kuiendeleza |
| Akiba ya kuzaliwa | Mali | Miaka 18 na zaidi | Wenye uwezo wakiruhusiwa kujazia |
| Fidia | Mali na heshima | Siku inapolipwa | Mahakamani, na kwenye ukubwa wa mfuko |
| Sheria ya mshahara | Kipato | Mwaka mmoja au miwili | Sekta zinazoachwa nje, kima kisipopandishwa |
| Nafasi maalumu vyuoni | Fursa | Miaka kadhaa | Mahakamani, na kwa walaghai |

Posho ya kila mwezi

Februari 2019 mji wa Stockton, California, chini ya Meya Michael Tubbs, ulianza kuwapa wakazi 125 dola 500 kila mwezi kwa miezi 24, bila masharti. Wasiwasi wa wengi ulikuwa kwamba watu wataacha kazi. Katika mwaka wa kwanza, waliokuwa na kazi ya kudumu ya siku nzima walipanda kutoka asilimia 28 hadi 40. Katika kundi la wasiolipwa, lililowekwa kwa ajili ya kulinganisha, walipanda kutoka asilimia 32 hadi 37. Aliyewahi kutafuta kazi akiwa hana nauli ya kwenda kwenye usaili hatashangaa.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa la taifa zima. Mwaka 2021 nafuu ya kodi kwa wenye watoto ilipandishwa hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na dola 3,000 kwa mkubwa zaidi, na kuanzia Julai hadi Desemba sehemu yake ikawa inaingia kila mwezi. Badiliko lililokuwa muhimu kuliko hata kiasi chenyewe ni hili: wazazi maskini kabisa, ambao hapo awali walinyimwa nafuu kamili kwa sababu kipato chao kilikuwa kidogo mno, safari hii waliipata yote. Sheria ya zamani ilikuwa inamnyima maskini kwa kosa la kuwa maskini, na miongoni mwa walionyimwa watoto Weusi na wa Kilatino walikuwa wengi kupita uwiano wao.

Umaskini wa watoto, ukipimwa kwa kipimo kinachohesabu misaada na kodi, ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2 mwaka 2021. Bunge likaiacha sera ikafa. Mwaka 2022 umaskini ukaruka hadi asilimia 12.4.

Ukitaka kuona uwezo na udhaifu wa posho kwa mtazamo mmoja, ni namba hizo tatu. Hakuna dawa inayofanya kazi haraka kama hii, na hakuna inayokatika haraka kama hii. Pia haijengi mali. Dola 300 za mwezi zinakwenda kwenye viatu, umeme na deni la duka, na huko ndiko zinakopaswa kwenda.

Akiba ya kuzaliwa: mbili zinazofanana kwa jina tu

Wazo la kumwekea mtoto fedha za umma tangu azaliwe, nyingi zaidi kwa aliyezaliwa katika kaya isiyo na kitu, lilisukumwa na wanauchumi Darrick Hamilton na William Darity. Walilenga mali moja kwa moja, bila kutaja rangi kwenye masharti. Kwa kuwa Weusi wamejazana upande wa wasio na mali, kigezo cha mali kinawafikia wengi wao.

Jimbo la Connecticut ndilo lililotangulia kulitekeleza. Kila mtoto aliyezaliwa kuanzia Julai 1, 2023 ambaye uzazi wake ulilipiwa na bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, jimbo linamwekezea dola 3,200. Akifika kati ya miaka 18 na 30, kama bado ni mkazi wa jimbo na amepita somo la matumizi ya fedha, anaweza kuzichukua kwa ajili ya masomo, nyumba ndani ya Connecticut, biashara au akiba ya uzeeni. Makadirio ya jimbo ni kwamba zitakuwa zimefika kati ya dola 11,000 na 24,000, kutegemea umri anaozichukulia.

Upande wa pili kuna akaunti za watoto zilizoanzishwa na sheria ya taifa ya Julai 2025, zinazoitwa akaunti za Trump. Kila mtoto raia aliyezaliwa kati ya 2025 na 2028 anawekewa dola 1,000, awe wa tajiri au wa maskini, na familia inaruhusiwa kuongeza hadi dola 5,000 kwa mwaka. Mtu akizisoma haraka atasema sera zote mbili ni moja: fedha za serikali, jina la mtoto, soko la hisa, subira ya miaka 18.

Hebu tupige hesabu. Tuseme fedha zinakua kwa asilimia 7 kwa mwaka. Dola 1,000 za mtoto ambaye wazazi wake hawana cha kuongeza zitakuwa kama dola 3,400 akifika miaka 18. Mtoto ambaye wazazi wake wanajaza dola 5,000 kila mwaka atakuwa na zaidi ya dola 170,000. Siku ya kwanza walikuwa sawa kabisa, kila mmoja na dola 1,000 zake. Siku ya mwisho mmoja ana mara hamsini ya mwenzake, na fedha zote hizo zimekua zikiwa na nafuu ya kodi. Kwa kasi hiyo hiyo ya asilimia 7, dola 3,200 za Connecticut zinakuwa kama dola 10,800 kwa mtoto wa familia maskini, na mtoto wa tajiri hapewi.

Sisemi kwamba mtoto wa maskini asichukue hizo 1,000. Achukue, tena mzazi awahi kuandikisha. Ninachosema ni kwamba, kwa anayechagua sera ya kupunguza pengo, hii ya pili inalipanua. Ukiletewa pendekezo lolote la akiba ya watoto, uliza mambo mawili tu kabla ya kusoma maelezo mengine: kiasi kinapungua kadiri familia inavyokuwa na uwezo? Na nani anaruhusiwa kujazia?

Udhaifu wa akiba ya kuzaliwa, hata ile nzuri, ni kwamba haimsaidii mama yake leo. Na dola 11,000 ni mwanzo wa biashara ndogo au sehemu ya malipo ya awali ya nyumba. Hazikaribii lile pengo la dola 240,000 tulilolianzia.

Fidia: kutaja rangi, au kutaja kosa?

Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Fidia ndiyo sera pekee katika orodha hii inayosema wazi kwamba kovu hili lina aliyelisababisha, na aliyelisababisha analipa. Kwa sababu hiyo naiheshimu kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayopigwa vita kuliko zote.

Evanston, Illinois, ni mji wa watu wapatao 75,000 kando ya Chicago. Mwaka 2019 baraza lake liliamua kutenga dola milioni 10 katika kipindi cha miaka kumi, zitokane na kodi ya bangi iliyohalalishwa. Mlengwa ni Mweusi aliyeishi hapo akiwa mtu mzima kati ya 1919 na 1969, wakati mji wenyewe ulipokuwa ukiwabagua katika makazi, au mzao wake. Kiasi ni dola 25,000, mwanzoni kwa ajili ya nyumba tu: malipo ya awali, rehani au ukarabati.

Machi 2021 kura zilipopigwa, diwani mmoja tu, Cicely Fleming, alikataa. Yeye mwenyewe ni Mweusi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyedhulumiwa hapangiwi namna ya kutumia fidia yake. Hii aliiona kama mpango wa nyumba uliopewa jina kubwa. Wakati huo wengi walimwona mkaidi. Miaka miwili baadaye mji uliongeza chaguo la kulipwa fedha taslimu.

Januari 2022 wakachaguliwa wa kwanza 16, kwa bahati nasibu. Fikiria walivyokuwa: wazee ambao kigezo chenyewe kinadai walikuwa watu wazima kabla ya 1970, wanasubiri namba yao itolewe. Wengi zaidi walibaki kwenye foleni kuliko walioitwa, na katika umri huo kusubiri si jambo dogo. Gawanya dola milioni 10 kwa 25,000: ni watu 400. Mfuko mdogo unageuza haki kuwa mchezo wa bahati, na hili ni la kupangwa kabla ya kutangaza, sio baada.

Mahakamani, Evanston ilishtakiwa mwaka 2024. Kisa cha wakulima kinaonyesha kwa nini maneno ya sheria yana uzito. Mwaka 2021 Kongresi ilitenga kama dola bilioni 4 kufuta madeni ya wakulima Weusi, Walatino, Wenyeji wa Amerika na Waasia waliokuwa wamebaguliwa kwa vizazi na ofisi za mikopo ya kilimo. Kigezo kilikuwa rangi na asili. Wakulima Wazungu wakafungua kesi, na Juni mwaka huo huo mahakama zikasimamisha malipo. Mwaka uliofuata kifungu kikafutwa, kikawekwa kingine cha dola bilioni 2.2 kwa mkulima yeyote aliyebaguliwa na idara ya kilimo katika mikopo. Julai 2024 kama dola bilioni 2 zikalipwa kwa wakulima zaidi ya 43,000.

Historia ni ile ile na wengi wa walengwa ni wale wale. Kilichobadilika ni swali la kwenye fomu: badala ya "wewe ni nani?" likawa "ulitendewa nini?" Sipendi kwamba mdhulumiwa analazimika kubeba ushahidi wa dhuluma ambayo kila mtu anaijua. Lakini kwa sheria za Marekani zilivyo sasa, hasa tangu kesi ya Richmond ya mwaka 1989 iliyoitaka miji kuthibitisha ubaguzi wake mahususi kabla ya kutenga zabuni kwa misingi ya rangi, programu inayofungwa kwenye kosa lililoandikwa, la mahali fulani, la miaka fulani, ina nafasi zaidi ya kufikia siku ya malipo. Nguvu ya Evanston ni hiyo miaka 1919 hadi 1969.

Mshahara, sera isiyopigiwa makofi

Sheria ya taifa ya kima cha chini cha mshahara, ya mwaka 1938, iliacha nje mashamba, kazi za nyumbani na huduma nyingi, mahali ambapo Weusi walikuwa wamejazana. Mwaka 1966 ikapanuliwa kuingiza kilimo, mahoteli, migahawa, shule, hospitali na madobi. Karibu theluthi moja ya wafanyakazi wote Weusi walikuwa katika sekta hizo. Uchunguzi wa Ellora Derenoncourt na Claire Montialoux, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba upanuzi huo unaeleza zaidi ya asilimia 20 ya kupungua kwa pengo la kipato kati ya Weusi na Wazungu mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970.

Hakukuwa na neno "rangi" ndani yake. Ilitosha kuangalia nani ameachwa nje, kisha kufungua mlango huo. Wafanyakazi wa nyumbani walisubiri hadi 1974. Leo kima cha taifa ni dola 7.25, hakijapanda tangu 2009, na kwa wanaoishi kwa bakshishi mwajiri anaweza kulipa dola 2.13, kiwango cha tangu 1991. Haihitaji mfuko wa serikali wala bahati nasibu. Inahitaji kura.

Nafasi maalumu vyuoni

Kwa Marekani sitachukua muda mrefu, maana Mahakama ya Juu iliufunga mlango Juni 29, 2023 ilipokataza vyuo kuzingatia rangi katika kudahili. Brazil ilikwenda njia nyingine, na muundo wake unastahili kuibwa. Sheria ya mwaka 2012 inatenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma sekondari za umma. Ndani ya nusu hiyo, nusu tena ni kwa familia za kipato kidogo, na kote humo kuna mgawo wa Weusi, machotara na Wenyeji kulingana na sensa ya kila jimbo. Kwa hiyo mtoto wa Mweusi tajiri aliyesoma shule ya kulipia hapiti kwa mgongo wa rangi yake. Ulaghai upo: watu wamejiandika Weusi siku ya maombi tu, hadi vyuo vikaunda kamati za kuwatazama waombaji ana kwa ana, jambo linalowaudhi wengi kwa haki. Hata hivyo, vichujio vitatu vikiwekwa pamoja vinakamata kile ambacho kimoja kinakiacha.

Ningechagua nini

Katika mji wenye bajeti ndogo na kumbukumbu kamili za ubaguzi wake, ningechagua fidia: fedha taslimu, miaka na kosa vikitajwa, wazee kwanza kwa umri bila bahati nasibu. Katika jimbo, akiba ya kuzaliwa ya mtindo wa Connecticut, ikiandamana na kupandisha mshahara, kwa sababu moja inamngoja mtoto na nyingine inamlisha mama yake wakati mtoto anangojewa. Katika taifa, ningerudisha posho ya watoto ya 2021, na ningeifanya iwe ya kudumu kisheria kabla ya kuifanya kubwa.

Na ukiwa na rasimu mbili mezani huwezi kuamua, ruka utangulizi na malengo, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa jinsi ya kuandikishwa. Kwa akaunti za taifa, mzazi ndiye anayepaswa kujaza fomu. Connecticut mtoto anaingia mwenyewe, kwa sababu tu bima ya serikali ililipia kuzaliwa kwake. Mama hajui, hajaomba, hajasimama mbele ya dirisha la mtu yeyote. Wa kwanza wao watafikisha miaka 18 Julai 2041.